Sukari Inaposhuka Katika Damu: Chanzo Chake ni Nini?

Askari wa zamu anapomkuta mtu kando ya barabara usiku, anayumbayumba, jasho limemtota, maswali anayajibu kwa maneno yasiyoeleweka na harufu ya pombe inamtoka kinywani, hukumu haikawii kutolewa. Huyo amelewa, na apelekwe mahabusu akalale mpaka asubuhi. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Lakini miongoni mwa watu wa namna hiyo wamo wachache ambao hawakulala usingizi wa ulevi, bali wamo katika hatari ya kufa kwa kupungukiwa na sukari katika damu, na huenda dawa ya kuwaokoa ikawa ni ile sukari iliyomo katika kopo la chai la kituo chenyewe.

Nyumbani nako jambo hilo hilo hujitokeza kwa sura nyingine. Mume aliye mpole siku zote huanza kufoka bila sababu kabla ya chakula cha jioni. Bibi kizee aliyekuwa akizungumza vizuri jana huamka asubuhi hawajui wajukuu zake. Mtoto mwenye homa hulegea ghafla, kisha akashikwa na degedege. Majirani hukusanyika, na haupiti muda kabla hajatokea wa kusema kwamba ni mashetani au ni mkono wa mtu.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba sukari inayozungumzwa hapa si ile ya dukani peke yake. Ugali, matoke, mihogo, viazi, wali na mkate, vyote vikishasagwa tumboni hugeuzwa kuwa sukari iitwayo glukosi, nayo huchukuliwa na damu kupelekwa kila mahali mwilini. Ubongo wa mtu mzima hutumia kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku, wala wenyewe hauna ghala la maana la kuiweka. Cha kustaajabisha ni uchache wa sukari inayozunguka kwa wakati mmoja: damu yote ya mtu mzima, ambayo ni kama lita 5, huwa na glukosi ipatayo gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mlinzi wa kijiko hicho ni ini, ambalo huweka akiba wakati wa shibe na kuitoa wakati wa njaa. Kongosho nalo hutoa insulini ya kuishusha sukari inapozidi, na glukagoni ya kuipandisha inapopungua. Ndiyo sababu mtu mwenye afya njema anaweza kulala saa nane au tisa bila kula na akaamka salama.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, madaktari huhesabu kwamba sukari imeshuka inapokuwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, ambazo ni sawa na milimoli 3.9 kwa lita. Ikifika chini ya miligramu 54, yaani milimoli 3.0, hiyo ni hatari iliyo wazi. Hata hivyo, kushuka huko si ugonjwa unaojitegemea. Ni matokeo, na kila tokeo lina chanzo chake. Mtu anayempa mgonjwa soda, akamwona amezinduka, akaenda zake bila kuuliza ni kitu gani kilichoishusha sukari, amefukuza moshi na kuuacha moto ukiwaka.

MAFIGA MATATU

Wengi wanaopatwa na hali hii ni wagonjwa wa kisukari, jambo ambalo huwashangaza watu. Mtu aliyeambiwa kwamba sukari yake ni nyingi yawezekanaje aanguke kwa kukosa sukari? Jibu ni kwamba kinachoishusha ni dawa yenyewe. Insulini iligunduliwa katika mji wa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwezi Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa. Tangu hapo mamilioni ya watu ambao wangekufa wameishi. Lakini sindano haina macho. Ikishaingia mwilini hufanya kazi yake ya kushusha sukari, kama mgonjwa amekula au hakula, kama amelala au anakimbia.

Maisha ya mgonjwa wa kisukari yamekaa juu ya mafiga matatu: dawa, chakula na kazi. Likisogezwa figa moja bila kusogeza mengine, chungu humwagika. Chukua mfano wa koplo anayejidunga insulini saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yake, na kabla hajanywa chai anaitwa kwenda kusindikiza msafara. Ifikapo saa nne, dawa imo mwilini lakini chakula hakimo. Wala hakuvunja amri ya daktari kwa kusudi, kwani alijidunga kwa wakati wake na kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni sahani. Kwa sababu hiyo anayetumia insulini ya kabla ya chakula yafaa achome sindano chakula kikiwa tayari mbele yake, si kikiwa bado jikoni.

Figa la kazi nalo lina hila zake. Misuli inapofanya kazi nzito huvuta sukari kutoka katika damu, na baada ya kazi huendelea kuivuta kwa saa nyingi ili kujaza akiba yake iliyotumika. Ndiyo maana askari aliyeshiriki matembezi marefu au gwaride la kutwa anaweza kujisikia mzima jioni, kisha sukari ikaanguka usiku wa manane akiwa usingizini. Mke wake ndiye hutangulia kujua: shuka zimelowa jasho, mume anaweweseka, na asubuhi analalamika kwamba kichwa kinamuuma. Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha ni mahali pa kuchoma sindano. Aliyejidunga pajani halafu akakimbia huifanya insulini ienee upesi kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa damu hupita kwa wingi katika mguu unaofanya kazi.

Vipo pia vyanzo vinavyotokana na chombo chenyewe. Insulini nyingi siku hizi ina yuniti 100 katika kila mililita, lakini katika baadhi ya nchi bado hutumika ile ya yuniti 40, na kila moja ina bomba lake la sindano lenye alama zake. Anayevuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40 mpaka kwenye alama ya 20, huku akidhani amechukua yuniti 20, amechukua 50. Kosa hilo ni la mara mbili na nusu, na linatosha kabisa kumlaza mtu chini. Tena iko hadithi ya chupa iliyoharibiwa na joto. Insulini iliyoachwa dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani hupoteza nguvu, sukari ya mgonjwa hupanda, naye daktari, asiyejua habari za dirisha, humwongezea kipimo. Siku inapofunguliwa chupa mpya yenye nguvu zake zote, kipimo kile kikubwa humwangusha mgonjwa. Chungu cha udongo kilichowekwa mahali pa kivuli, chenye maji na kinachopata upepo, kimewasaidia wengi wasio na jokofu, mradi chupa isiloe.

VIDONGE NA FIGO

Watu huogopa sindano na kuvidharau vidonge. Hilo ni kosa. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini vidonge vya jamii ya glibenklamidi huliamuru kongosho kutoa insulini hata pasipo chakula tumboni, na nguvu yake yaweza kudumu mchana kutwa na usiku kucha.

Namna vidonge hivyo vilivyogunduliwa yafaa isimuliwe. Mwaka 1942, wakati wa vita, Profesa Marcel Janbon wa mji wa Montpellier, Ufaransa, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa. Baadhi yao walichanganyikiwa, wakashikwa na degedege na kupoteza fahamu, na wengine wakafa. Ikaonekana kwamba dawa ile ilikuwa ikishusha sukari yao. Mwenzake, Auguste Loubatières, aliichunguza kwa kuwajaribu mbwa, na katika uchunguzi huo vikazaliwa vidonge vya kisukari. Kwa maneno mengine, kushusha sukari kulianza kujulikana kama madhara kabla ya kugeuzwa kuwa tiba. Undugu huo wa zamani bado upo. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin na ambayo hunywewa kila siku na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ina salfa ndani yake. Ikikutana na vidonge vya glibenklamidi, au ikitumiwa na mtu mwenye figo dhaifu, yaweza kushusha sukari. Mgonjwa hatakiwi kuiacha kwa sababu hiyo, bali amweleze daktari dawa zote anazokunywa.

Habari ya figo inastahili kusemwa kwa kirefu, maana hapa ndipo furaha huwadanganya watu. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoondoa insulini na vidonge vya kisukari mwilini. Zinapodhoofika, dawa ile ile ya miaka yote hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mzee aliyekuwa na sukari ya juu kwa miaka kumi huanza kupata vipimo vizuri. Kisha huanza kupata vya chini. Hushukuru, hutangaza kwamba amepona, na pengine hukisifu kikombe cha mitishamba alichoanza kukinywa mwezi uliopita. Kumbe kilichobadilika ni figo zake. Mgonjwa yeyote ambaye sukari yake inashuka mara kwa mara kwa kipimo kilichokuwa kikimfaa zamani hapana budi apimwe figo kabla ya kufanyiwa karamu. Na mzee aliyeangushwa na glibenklamidi asirudishwe nyumbani mara tu anapozinduka, kwa sababu sukari yaweza kuanguka tena na tena kwa siku moja au zaidi. Kitanda cha hospitali, na mtu wa kumpima usiku, ndiyo tiba yake.

Mitishamba nayo isifichwe kwa daktari. Baadhi huongeza nguvu ya vidonge, na baadhi ya vifurushi vinavyouzwa kwa jina la mitishamba vina vidonge vilivyosagwa ndani yake. Katika Singapore, miezi mitano ya kwanza ya mwaka 2008, watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa hospitalini kwa kushuka sukari vibaya sana. Wanne kati yao walifariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikuwa wamekunywa dawa za magendo za kuongeza nguvu za kiume, ambazo zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi. Bidhaa za aina hiyo huuzwa kwa siri hata katika masoko ya karibu na kambi, na mnunuzi huona haya kueleza alichokunywa. Heri aone haya akiwa hai.

Wakati wa Ramadhani, mgonjwa anayetaka kufunga amwone daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwani vipimo na saa za dawa hubadilishwa. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 mchana, inampasa afungue, hata kama jua limebakiza saa moja kutua. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

POMBE JUU YA TUMBO TUPU

Hapa hahitajiki mgonjwa wa kisukari. Mtu asiyekula vizuri kwa siku moja au mbili, akanywa waragi au pombe nyingine kali usiku kucha, amejiweka hatarini hata kama hajawahi kuumwa maishani mwake. Sababu ni ini. Akiba ya sukari iliyomo humo huisha baada ya muda wa njaa, na baada ya hapo ini hulazimika kutengeneza sukari mpya. Lakini ini lililoshughulika kuunguza pombe haliwezi kuifanya kazi hiyo sawasawa. Matokeo yake, sukari huanguka saa kadhaa baada ya kunywa, mara nyingi alfajiri, wakati wenzake wanadhani usingizi unamtuliza. Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi hatari ni kubwa zaidi.

Basi mlevi na mwenye upungufu wa sukari hufanana, na mtu mmoja aweza kuwa vyote viwili. Yako mambo machache ya kumsaidia askari wa kituo. Jasho jingi la baridi wakati hakuna joto, mikono inayotetemeka na mapigo ya moyo ya kasi ni dalili za kutiliwa shaka. Aangalie mifukoni kama kuna kadi ya kliniki, vidonge au bomba la sindano. Na aliyewekwa mahabusu kwa ulevi aamshwe kila baada ya muda mfupi. Asiyeamka apelekwe hospitali. Kukoroma si uthibitisho wa uzima. Mtoto mdogo aliyeonja pombe iliyosazwa na wakubwa huweza kushuka sukari hata kwa kiasi kidogo, nalo ni jambo linalotokea asubuhi baada ya sherehe, vyombo vikiwa bado havijaoshwa.

MALARIA NA WATOTO

Katika nchi zetu, hakuna chanzo kinachowagusa watoto kuliko malaria kali. Mtoto ana akiba ndogo katika ini; homa humfanya asile; wadudu wa malaria nao hutumia sukari, na ini lenyewe huvurugika. Sukari ya mtoto mwenye malaria kali ikiwa chini ya miligramu 40, yaani milimoli 2.2, madaktari huihesabu kuwa ni mojawapo ya alama za hatari ya maisha. Degedege ambalo mama hudhani linatokana na joto la homa peke yake, wakati mwingine ni kilio cha ubongo uliokosa sukari.

Kwinini iliongeza tatizo hilo. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi Thailand walitangaza kwamba kwinini hulichochea kongosho kutoa insulini, na kwamba wajawazito ndio waliokuwa wakiumia zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani hupendekeza sindano ya artesunati kwa malaria kali, kwa watu wazima tangu mwaka 2006 na kwa watoto tangu 2011. Mahali ambapo artesunati haijapatikana na kwinini bado inatumika, huingizwa polepole kwa dripu yenye glukosi, na sukari hupimwa mara kwa mara. Mjamzito anayetibiwa kwa kwinini akianza kuchanganyikiwa, muuguzi aitwe papo hapo, usiku au mchana.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali, pamoja na kwashiorkor, yumo katika hatari ya kila usiku. Ndiyo maana katika vituo vya lishe, kama kile cha Mwanamugimu kilichoko Mulago, mama huamshwa usiku kumlisha mwanawe. Hulishwa kila baada ya saa 2 au 3, hata akiwa amelala. Kitoto kichanga nacho, hasa kilichozaliwa kabla ya wakati, kilichopata baridi au ambacho mama yake ana kisukari, huweza kushuka sukari katika saa za kwanza za maisha yake. Kinga yake ni kukiweka kifuani mwa mama na kukinyonyesha ndani ya saa ya kwanza.

Vipo na vyanzo vya nadra: uvimbe mdogo wa kongosho unaotoa insulini ovyo, upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo, ini lililoharibika sana, na tumbo lililopasuliwa. Hivyo ni vya daktari bingwa kuvitafuta.

LA KUFANYA

Aliye na fahamu na anayeweza kumeza apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Isiwe ile soda isiyo na sukari. Maziwa na chokoleti huchelewa. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, arudiwe tena. Akishatulia ale chakula cha kawaida, maana sukari ile haidumu. Wapo wagonjwa ambao hawatetemeki wala moyo hauwaendi mbio: wale waliozoea kushuka mara nyingi, na wale wanaotumia dawa za presha za jamii ya propranololi. Kwa hao, ukali wa ghafla au uzubaivu ndiyo ishara pekee, na mwenye kuuona ni mtu wa nyumbani.

Asiye na fahamu asimiminiwe kitu kinywani, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, ambako atapewa glukosi katika mshipa. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu na hospitali iko mbali, Shirika la Afya Duniani linaruhusu kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholowanishwa kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wake, na kurudiwa njiani.

Mgonjwa wa kisukari akionekana na dalili hizi, na kipima sukari hakipo, watu wasikae kubishana kama sukari imepanda au imeshuka. Anayeweza kumeza apewe sukari. Ikiwa ilikuwa juu, vijiko hivyo vichache havitamwongezea madhara makubwa kabla hajafika kwa daktari. Na anayemsindikiza achukue chupa na pakiti zote za dawa alizokuta chumbani, aulize mgonjwa alikula nini na saa ngapi, kama alikunywa pombe, kama alifanya kazi nzito jana, na kama dawa yake ilibadilishwa karibuni, ayaandike hayo kwenye karatasi na kumkabidhi muuguzi wa mapokezi.